UZI: Fallon, Nevada – kituo cha wanamaji kilicho jangwani, na kikao kinachochukua muda mrefu kuliko pambano lenyewe

Dereva wa Jangwani (mleta mada)

Wakuu, habari za wikiendi.

Kwenye ule uzi wa ndege za kivita kuna mdau aliuliza: iweje jeshi la majini la Marekani lifundishe marubani wake katikati ya jangwa, mahali ambapo bahari iko mwendo wa saa nne au tano kwa gari? Niliahidi kuandika nikipata nafasi, leo nimepata. Naishi Reno mwaka wa tisa sasa, naendesha lori, na karibu kila wiki napakia Fallon, ama maziwa ya unga ama majani ya alfalfa. Lango la kituo sijawahi kulivuka. Nilichokiona kwa macho nitasema nimekiona, mengine ni mambo yaliyoandikwa na yanayojulikana.

Fallon ni mji wa watu kama 9,000, kilomita 100 hivi mashariki ya Reno. Njiani ni milima ya kahawia na vichaka vya kijivu tu, halafu ghafla unaingia kwenye kijani: alfalfa, ng'ombe wa maziwa, na matikiti yao yenye nyama ya rangi ya chungwa ambayo watu wa Reno huyafuata mpaka huko. Maji yanatoka bwawa la Lahontan. Kituo kiko kusini-mashariki mwa mji, mashamba yanapoishia.

Mara ya kwanza kupakia kule, mzee mwenye shamba alikuwa ananielekeza namna ya kurudisha lori nyuma hadi ghalani. Katikati ya maneno akanyamaza, akainua kidole. Nikadhani ameona kosa kwenye tela. Mara ndege mbili zikapita chini chini, mngurumo ukanipiga kifuani, mabati ya ghala yakatetemeka. Zilipotokomea akashusha kidole, akaendelea na sentensi yake palepale alipoishia. Juu hakutazama hata kidogo. Tangu siku ile nikawa nasoma kila ninachokipata kuhusu mahali pale.

Uwanja ulianza 1942, enzi za hofu kwamba Wajapani wangeshambulia pwani ya magharibi. Jeshi la nchi kavu lilipanga viwanja vinne Nevada: Winnemucca, Minden, Lovelock na Fallon. Mwaka uliofuata wanamaji wakauchukua wa Fallon, na tarehe 10 Juni 1944 ukafunguliwa rasmi. Vita ilipokwisha ukafungwa. Vita ya Korea ndiyo iliyoufufua mwaka 1951, na haujalala tena. Njia yake kuu ya kurukia ina urefu wa futi 14,000, karibu mita 4,270, ndefu kuliko zote za jeshi la majini la Marekani. Ile ya uwanja wa Kilimanjaro, KIA, ina mita 3,600 hivi, mpate picha.

Lakini Fallon ya leo ilijengwa na majeraha mawili.

La kwanza ni Vietnam. Kati ya 1965 na 1968 marubani wa wanamaji walikuwa wanaangusha ndege mbili au tatu za adui kwa kila moja waliyoipoteza, na kwa taifa lenye mali vile hiyo ilikuwa hesabu mbaya sana. Ndege zao za kivita za Phantom hazikuwa na mzinga, tegemeo lilikuwa makombora, na makombora mengi yalikosa shabaha au hayakuwaka kabisa. Mwaka 1968 Kapteni Frank Ault akapewa kazi ya kuchunguza mlolongo wote, tangu kombora linapotoka kiwandani mpaka kidole cha rubani kwenye kitufe. Ripoti yake haikumwonea mtu haya. Ndiyo iliyozaa shule ya TOPGUN, Machi 1969, huko Miramar karibu na San Diego. Dan Pedersen alikuwa mkuu wake wa kwanza, akiwa na vijana wachache na banda la tela. Walichukua ndege ndogo za A-4 wakaziigiza kama MiG-17 za adui, wakafundishana upya kupigana kwa karibu. Mapambano ya angani yaliporudi 1972, hesabu ilipanda mpaka zaidi ya 12 kwa moja.

La pili ni Lebanon, 4 Desemba 1983. Ndege 28 zilipaa kutoka meli mbili, Independence na John F. Kennedy, kwenda kupiga vituo vya Wasyria. Amri ya kuondoka mapema iliwafikia ghafla. Watu walikuwa bado wanapanga, mabomu hayajapakiwa sawasawa, nyingine ziliruka na mzigo pungufu. Walifika asubuhi jua likiwa machoni mwao. Ndege mbili ziliangushwa. Luteni Mark Lange alikufa, Luteni Robert Goodman akatekwa, akaachiwa Januari baada ya Mchungaji Jesse Jackson kwenda Damascus kumwombea. Waziri wa majeshi ya majini wakati huo, John Lehman, alikasirika. Mwaka 1984 ikaanzishwa Fallon shule ya kupanga mashambulizi, watu wakaiita Chuo Kikuu cha Mashambulizi. TOPGUN ilifundisha rubani kupigana na rubani. Hii ilifundisha meli nzima kupanga safari moja ya vita: nani anatangulia, nani anaziba rada, nani anabeba mafuta, nani anamtafuta aliyeanguka.

Miramar ilipokabidhiwa kikosi cha Marine mwaka 1996, TOPGUN ikahamishiwa Fallon ikaunganishwa na shule ile, pamoja na ile ya ndege za rada za Hawkeye. Tangu 2015 chombo chote kinaitwa NAWDC, kifupi cha Kiingereza cha kituo cha kuendeleza mapigano ya anga cha wanamaji.

Sasa swali la jangwa. Meli ya kubebea ndege ikiwa matengenezoni, ndege zake hazikai juu yake. Zinatawanyika kwenye vituo vyao vya nchi kavu: nyingine Lemoore kule California, nyingine Whidbey Island jimbo la Washington, nyingine Oceana, Virginia. Watu watakaolala chumba kimoja na kutegemeana roho kwa miezi saba wanaweza kuwa hawajawahi kuruka pamoja. Kabla ya kwenda baharini wanakusanywa wote Fallon kwa wiki nne hivi, ndege zaidi ya 60 na mafundi wao. Wanahitaji anga isiyo na ndege za abiria, mabonde ya kuangushia mabomu ya kweli, rada za kuigiza za adui milimani, na hali ya hewa ambayo siku nyingi ni jua tupu. Baharini huwezi kumweka adui nyuma ya mlima. Jangwani unaweza.

Sasa lile lililonifanya niandike uzi huu. Safari ya angani pale inaweza kuwa saa moja na kitu. Kikao cha tathmini baada ya kutua kinaweza kwenda saa nyingi, mara nyingine mpaka usiku wa manane. Kila ndege inabeba chombo kinachorekodi mahali ilipo kila sekunde, kisha chumbani pambano zima linachezwa upya kwenye kioo, nao wanalisimamisha, wanalirudisha nyuma. Kila kombora "lililopigwa" linahakikiwa: lingefika? Ulikuwa umbali gani? Ulisema nini redioni? Rubani hasemi "mimi nilifanya hivi". Anazungumzia ndege namba fulani, kana kwamba ni ya mtu mwingine, ili ubishi wa nafsi ukae pembeni. Mapungufu hayaitwi mabaya. Kuna "yaliyokwenda vizuri" na kuna "mengineyo", na mengineyo ndiyo yanayoandikwa ubao mzima.

Walimu nao hawasalimiki. Ukitaka kufundisha somo moja pale, unaandaa mhadhara miezi kadhaa, unaukariri, kisha unausimamia mbele ya walimu wenzako wanaokuchambua neno kwa neno. Usipopita unarudi kujiandaa. Na yeyote akinukuu maneno ya ile filamu maarufu ya 1986, Top Gun, anatozwa dola 5.

Nina miaka 52. Nimefanya kazi nchi tatu, na sijawahi kukaa mahali ambapo mkubwa anasimama mbele ya wadogo zake anasema kosa lilikuwa hapa, sekunde hii, na lilikuwa langu. Hilo ndilo ninalotaka tulijadili. Karibuni.

---

Mwana wa Kilindini

Shukrani ndugu, umetulia ukaandika. Hilo la ndege kutawanyika meli ikiwa matengenezoni sikulijua kabisa. Swali langu: hao maadui wa mazoezi ni kina nani? Ni wanafunzi wanabadilishana zamu?

---

Dereva wa Jangwani

Hapana kaka, kuwa adui ni kazi ya kudumu. Kuna kikosi kinaitwa VFC-13, kiko Fallon tangu 1996, wengi wao marubani wa akiba wenye saa nyingi sana angani. Kwa miaka mingi walirusha F-5, ndege ndogo nyembamba, nyingi zao Marekani ilizinunua tena kutoka Uswisi. Mwaka 2022 wakahamia F-16. Wanazipaka rangi za adui, wengine bluu na kijivu, wengine rangi ya mchanga, na wanapigana kwa mbinu za adui tu hata kama wanajua mbinu bora zaidi. Nimewaona nikiwa nimesimama kando ya Highway 50 karibu na Sand Mountain, ule mlima wa mchanga. Zilikuwa mbili, moja kubwa yenye mikia miwili na nyingine ndogo, zinazungukana juu kabisa kama mwewe. Jinsi zilivyo juu huzisikii, unaona mstari mweupe unajikunja. Halafu mshindo wa kuvuka kasi ya sauti ukashuka, mlango wa lori ukagonga, na mchanga wa juu ya mteremko ukaanza kuteleza taratibu.

---

Fundi Mstaafu

Nimesoma mara mbili. Mimi nimetengeneza ndege jeshini miaka 24, kwa hiyo niseme kidogo upande wa chini, maana kwenye mada hizi huwa tunasahaulika.

Ndege zaidi ya 60 kwa wiki nne, zinaruka mchana na usiku, maana yake ni fundi asiyelala. Jangwani adui wa injini ni kokoto. Kila asubuhi kwenye vituo hivi, na kwenye meli zao vilevile, watu wanapanga mstari bega kwa bega, kuanzia kuruta mpaka maofisa, wanatembea polepole macho chini wakiokota. Skrubu, kipande cha waya, jiwe dogo kama punje ya choroko. Injini ikivuta punje hiyo, mapanga yanapasuka. Na sisi tulifanya hivyo. Nakumbuka asubuhi moja umande bado uko kwenye lami, kijana mwenye miezi mitatu kazini akainua mkono mstari mzima ukasimama. Kashika nati. Tulihesabu boksi zote za vifaa, tukakuta imetoka kwenye boksi langu mimi, mkubwa wa zamu. Nilisema mbele yao wote kwamba ni yangu.

Kwa hiyo mleta mada, wakubwa wa namna hiyo wapo na huku. Ila nakubali ni wachache, na hakuna utaratibu unaowalazimisha. Wenzetu wameufanya utaratibu.

---

Mkunga wa Ziwa

Shikamoo Fundi Mstaafu. Salamu kwa wote.

Sijui chochote kuhusu ndege, nimeingia kwa sababu ya kichwa cha habari. Sisi wakunga tuna kitu kinachofanana: kila mama akifariki wakati wa uzazi, kituo kinatakiwa kukaa na kupitia tukio lote bila kumtaja mtu na bila kumlaumu mtu. Kwenye karatasi kinasomeka vizuri sana. Mahali nilipowahi kufanya kazi, na sitapataja, tulikaa kikao kama hicho kuhusu mama aliyetoka damu usiku. Saa zilizoandikwa kwenye faili hazikulingana na saa tulizozikumbuka. Kila mtu aliangalia meza. Kilichukua dakika 20, tukasaini.

Ninachokionea wivu kwenye maelezo yako ni kile chombo kinachorekodi. Ukiwa na rekodi ambayo hakuna anayeweza kuibadilisha, hofu inapungua, kwa sababu swali la nani anasema kweli limeshaondoka mezani. Linabaki swali la tufanye nini kesho. Je, kwao rekodi hiyo inaweza kutumika kumfukuza mtu kazi?

---

Dereva wa Jangwani

Dada Mkunga, pole sana kwa hilo, na asante kwa kulisema.

Jibu lake: kujifunza na kuadhibu ni njia mbili tofauti kwao. Ndege ikianguka, kuna uchunguzi wa usalama ambao maelezo yake yanalindwa ili watu waseme kweli, na kuna uchunguzi mwingine wa kisheria, mbali kabisa. Kikao cha Fallon ni cha kujifunza. Kukosa shabaha mara moja hakukutoi kazini. Ila ukishindwa kufikia kiwango cha shule hupewi beji, na beji hiyo ndogo ya duara begani ndiyo inayomfanya mtu asikilizwe akirudi kwenye kikosi chake. Kozi ya TOPGUN inachukua wiki 12 au 13. Anayehitimu anapelekwa kufundisha wengine, na hapo ndipo hesabu yao ilipo: humfundishi rubani mmoja, unamfundisha atakayewafundisha mamia.

---

Baharia wa Mkunazini

Assalaam aleikum. Mimi niko melini miaka 17, meli za mizigo mikavu. Niwape upande wa chini ya ndege hizo.

Mwanzoni mwa 2024 tulikuwa tushuke Bahari ya Shamu. Kampuni ikasubiri, ikasubiri, mwisho tukaambiwa tuzunguke Rasi ya Tumaini Jema. Safari ikaongezeka kiasi cha wiki mbili. Waliopita Bab el Mandeb wakati ule walikuwa wanasikia manowari zikiongea redioni usiku kucha, na juu yao ndege za Eisenhower, meli ya Marekani ya kubebea ndege, zikiwinda droni na makombora ya Wahouthi wa Yemen. Meli ile ilitoka Norfolk Oktoba 2023 ikarudi Julai 2024. Marubani wake ndio hao waliopita jangwani kwanza. Na kama mnakumbuka, wakati huohuo nyaya za intaneti zilikatika chini ya Bahari ya Shamu, zikiwemo zinazoleta mtandao Afrika Mashariki, baada ya meli iliyopigwa kuburuta nanga. Kwa hiyo wadau msidhani ni habari za mbali.

Sasa mleta mada nikuulize. Tarehe 22 Desemba 2024 manowari yao wenyewe, Gettysburg, iliiangusha F/A-18 ya meli ya Truman, meli waliyokuwa wanasafiri nayo kundi moja. Wawili walichomoka na viti, wakaokolewa hai, alhamdulillah. Pamoja na hayo mazoezi yote, imekuwaje?

---

Dereva wa Jangwani

Waaleikum salaam mkubwa. Ninachoweza kusema ni kile kinachoonekana: Fallon inafundisha wa angani. Aliyefyatua kombora siku ile alikuwa kwenye manowari, ana shule yake na mafunzo yake. Usiku, droni zinakuja, ndege za nyumbani zinarudi kutua kwa wakati uleule. Kwenye kioo cha rada zote ni nukta. Kuunganisha wa angani na wa melini ndilo jeraha la kizazi hiki, kama lilivyokuwa kombora lisilowaka kwa kizazi cha Vietnam.

---

Kibo Hainuki

Naomba mnivumilie, mimi nina neno gumu kidogo.

Tunasifia kikao cha tathmini. Sawa. Tarehe 1 Februari 2025 ndege za meli hiyohiyo ya Truman zilipiga milima ya Golis, kaskazini mwa Somalia, wakisema wanawapiga wapiganaji wa ISIS. Baadaye Admirali Kilby, aliyekuwa akikaimu ukuu wa jeshi la majini la Marekani, alisema ziliangushwa pauni 125,000 za mabomu, yaani tani zaidi ya 56, na kwamba halijapata kutokea shambulio kubwa kama hilo kutoka meli moja ya kubebea ndege. Kwenye kile chumba, rubani anaulizwa kombora limefika au halijafika. Nani anaulizwa kuhusu aliyekuwa chini? Mchungaji wa mbuzi kule bondeni anaingia kwenye "mengineyo"?

Sisemi ISIS waachwe. Nasema usahihi wa kupiga ni jambo moja na uhaki wa kupiga ni jambo jingine, na uzi mzima umezungumzia la kwanza tu.

---

Mwana wa Kilindini

Kibo umegonga penyewe. Sisi wa pwani hii tunaziona meli hizo kwenye habari tu, lakini Somalia ni jirani yetu mlango kwa mlango. Mleta mada tusaidie.

---

Dereva wa Jangwani

Nimekaa na swali la Kibo tangu jana, nikaendesha nalo mpaka Elko na kurudi. Sina jibu la Golis. Nitasema ninachokijua cha Fallon yenyewe, kwa sababu hata pale jangwani chini kulikuwa na watu.

Mashariki ya Fallon, ukiiacha Highway 50 ukashika barabara ya kaskazini, unaingia Dixie Valley. Bonde lile lina visima vinavyobubujika vyenyewe. Familia za wafugaji ziliishi pale, na miaka ya 1980 ndege zilipozidi kuvuka kasi ya sauti juu ya nyumba zao, vioo vikavunjika, mifugo ikahangaika, wakalalamika. Mwisho wanamaji wakanunua nyumba na mashamba yao, bonde likawa uwanja wa mazoezi. Nilipita pale nikiwa na gari dogo, siku ya mapumziko. Kuna miti iliyopandwa kwa mstari, mistari iliyonyooka ambayo haijioteshi yenyewe, na katikati yake hakuna nyumba. Maji bado yanatiririka kwenye bomba kuukuu. Mbele kidogo kuna vifaru vya zamani vimeegeshwa kama shabaha. Nilinawa uso kwenye yale maji nikakaa kimya muda mrefu.

Na kabla ya wafugaji walikuwepo Wapaiute na Washoshone, na wapo mpaka leo. Kusini, kwenye ardhi ya Wapaiute wa Walker River, mabomu yaliyokosa mpaka wa uwanja unaoitwa B-19 yaliangukia upande wao kwa miaka mingi, na mengine yamo ardhini. Wanamaji walipoomba kupanua viwanja, kwa hoja kwamba silaha za siku hizi zinaachiliwa kutoka mbali zaidi na zinahitaji eneo kubwa la usalama, makabila yalipinga miaka kadhaa. Milima ya Stillwater ina sehemu zao takatifu na makaburi ya mababu zao. Desemba 2022 sheria ikapita: ekari zaidi ya 550,000 zikaongezwa, na makabila yakapewa fidia ya fedha na ardhi, na haki ya kuingia kwenye maeneo yao kwa ziara za mila.

Kwa hiyo Kibo, naungana nawe. Chumba kile kina ukweli mkali kuhusu kila kitu kinachoonekana kwenye kioo. Mchungaji wa Golis na bibi wa Kipaiute anayeokota mbegu za msonobari milimani hawamo kwenye kioo.

---

Mtoto wa Uvira

Ndugu zangu, miye niko Boise, Idaho. Tulitoka Uvira, Kongo, tukakaa kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu miaka 14 ndipo tukaletwa huku. Hiyo njia ya US 95 naijua sana, naenda nayo Las Vegas kumuona dada yangu. Unatoka Winnemucca, unapita Fallon, halafu Schurz kwa Wapaiute wenyewe, halafu Hawthorne penye maghala ya udongo ya kuhifadhia risasi, maelfu, mpaka watoto wanachoka kuhesabu.

Mara moja tulisimama Schurz kununua maji. Mama aliyekuwa anauza akasikia tunaongea akauliza ni lugha gani. Nikamwambia Kiswahili. Akauliza, kwenu mlitoka kwa nini? Nikamwambia vita. Ndege ikapita wakati ule, mtoto wangu mdogo alizaliwa kambini hajui ndege za vita, hakushtuka. Mimi na mke wangu tuliinama wote wawili. Yule mama aliona. Alizunguka meza, akasimama karibu nasi mpaka sauti ikaisha, kisha akakataa pesa ya maji.

Ni hayo tu nilitaka kusema.

---

Mkunga wa Ziwa

Mtoto wa Uvira, Mungu awatunze.

---

Fundi Mstaafu

Poleni sana kijana. Sisi tuliokaa karibu na injini hizo tumesahau kwamba sauti ile kwa mwingine ina maana tofauti kabisa.

Mleta mada, uwanja wenyewe una jina la mtu? Viwanja vingi vya jeshi hupewa jina la marehemu.

---

Dereva wa Jangwani

Ndiyo mzee. Tangu 1959 uwanja unaitwa Van Voorhis. Bruce Van Voorhis alikuwa mwanamaji aliyekulia Fallon hapohapo. Tarehe 6 Julai 1943 alirusha ndege yake ya mabomu, yeye na wenzake ndani yake, bila ndege nyingine ya kuwasindikiza, zaidi ya kilomita 1,100 juu ya Pasifiki kwenda kupiga kituo cha Wajapani kwenye visiwa vya Caroline. Alirudia kupiga mara sita, akishuka chini kabisa, mpaka ndege ikaanguka kwenye maji ya ndani ya kisiwa, na wote waliokuwamo walikufa. Alipewa Nishani ya Heshima akiwa ameshakufa.

Mtoto wa Uvira, nimekutumia ujumbe faragha. Ukipita tena Fallon nijulishe siku mbili kabla, nipange mzigo wangu siku hiyo. Kuna mahali panaitwa Grimes Point, dakika chache mashariki ya mji, mawe meusi yamechorwa na watu wa kale, watoto watapapenda. Njooni asubuhi ya Jumapili. Mara zote nilizopita Jumapili anga ilikuwa kimya.